Maswali ya Wasomaji: Nyumba za kuunganishwa na lile jani la kijani kwenye brosha

Mwezi huu kikapu kimejaa paneli na makontena, naona wauzaji wamezunguka nchi nzima. Nimechukua barua tano, nimezifupisha kidogo, maana nyingine zilikuwa ndefu kuliko majibu yake.

*Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Tororo. Tunataka kujenga madarasa manne. Jamaa wa kampuni moja ametuletea brosha ya majengo ya kuunganishwa, fremu ya chuma na kuta za paneli, yote inatoka nje ya nchi kwa kontena halafu inafungwa kwa nati hapa hapa kwa wiki chache. Kila ukurasa una jani la kijani. Nusu ya kamati inasema tuchukue, tuachane na kukata miti ya kuchomea matofali. Nusu inasema kitu kimevuka bahari nzima, kitakuwaje kizuri kwa mazingira? Sasa tunapimaje? – Mwalimu mkuu, Tororo*

Shikamoo mwalimu. Ya bahari naimaliza kwanza, maana ndiyo inayopigiwa kelele sana na uzito wake ni mdogo. Meli kubwa ya makontena ikibeba tani moja kwa kilomita moja inatoa kama gramu 10 hadi 20 za kaboni (yaani hewa ukaa, ile inayopasha dunia joto), trela la barabarani gramu 60 hadi 100. Tuseme mzigo unatoka China, ni kilomita elfu kumi na moja au kumi na mbili majini mpaka Mombasa, halafu karibu kilomita 950 za lami mpaka kwako kupitia mpaka wa Malaba. Ukipiga hesabu tani moja ya chuma inakufikia ikiwa imekula kaboni kilo 200 na kitu, weka 250 tusigombane. Kukitengeneza hicho chuma chenyewe, kwa wastani wa dunia, ni kama kilo 1,900 kwa tani. Yaani safari yote ile pamoja na foleni ya Malaba ni kama moja ya nane tu ya kile kilichotoka tanuruni kabla chuma hakijapanda meli.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa huyo jamaa ni uzito. Jengo zima lina chuma kilo ngapi, fremu, mabati, ngozi za paneli, vyote? Asikwambie "ni nyepesi sana mwalimu", akupe kilo. Akisema tani 8, hapo una tani 15 za kaboni kabla mtoto mmoja hajakaa kwenye dawati. Mfuko wa simenti wa kilo 50, kutegemea imechanganywa pozolana (unga wa mawe ya volkano) kiasi gani, unabeba kilo 30 hadi 45 za kaboni, basi hizo tani 15 ni kama mifuko 340 hadi 500. Kaa na fundi wako mhesabu madarasa manne ya kawaida yanakula mifuko mingapi, ongeza nondo na mabati ya paa, ndio uweke pembeni ya ile brosha.

Na usidhani nakisingizia chuma. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walichapisha hesabu ya jengo la makazi wakilinganisha moduli za chuma zilizotengenezwa kiwandani na zege la kawaida. Uzito wa vifaa ulipungua kwa hadi asilimia 78, watu wa brosha wanapenda sana kuisema hiyo namba, lakini nishati iliyotumika kutengeneza vifaa hivyo ilipanda kwa kama asilimia 50. Jengo jepesi, nishati nyingi. Utafiti huo huo una habari njema pia, nimeiweka kwenye barua ya Hoima hapo chini maana inamhusu yule zaidi.

Halafu kuna suala la taka. Hapo viwanda vinasema kweli, vitu vikikatwa kwa mashine mabaki yanapungua. Hong Kong mwaka 2009 walipima wakakuta taka za ujenzi zimepungua kama nusu. Ila mwalimu wewe unazijua saiti zetu, tofali likivunjika linaingia kwenye msingi, ubao wa fomu unatumika mpaka unageuka kuni za kupikia chai ya mafundi, msumari uliopinda unanyooshwa. Hakuna skipu ya taka inayosubiri getini. Kwa hiyo hiyo nusu ya Hong Kong usiihamishie Tororo, hapa kinachookolewa ni kidogo.

Sasa wale wa miti. Hao nawapa uzito mkubwa, tena hesabu ya kaboni peke yake haiwatendei haki. Tofali la kuchoma linakula vitu viwili, udongo na kuni. Udongo unachimbwa kwenye vinamasi, na vinamasi vya Uganda vilikuwa kama asilimia 15 ya nchi mwaka 1994, leo vilivyobaki bila kuharibiwa viko chini ya 10. Si kazi ya matofali peke yake, mpunga upo, viwanda vipo, lakini mashimo ya udongo kila mtu anayaona, yanajaa maji, mbu wanazaliana, na mwaka unaofuata mchimbaji anasogea mbele. Kuni nazo zinatoka kwenye mikaratusi ikiwepo, isipokuwepo ni miembe ya watu. Misitu ilikuwa kama asilimia 24 ya nchi mwaka 1990, siku hizi ni karibu nusu ya hapo. Wapo wanaosema kuni hazina kaboni kwa sababu mti unaota tena. Unaota tena kama kuna mtu kaupanda, wa tanuri la barabarani nani kaupanda?

Kwa hiyo kamati inabishana kati ya matofali ya kuchoma na chuma cha kuagiza kana kwamba ni viwili tu vilivyopo. Kuna cha tatu kiko karibu na nyie kabisa, tofali la udongo la kushindilia, lile la kufungamana. Unachukua udongo mwekundu wa hapo hapo, unachanganya simenti asilimia 5 mpaka 10 hivi, unashindilia kwa mashine ya mkono, unaliacha kivulini unalimwagilia, basi, hakuna moto. Yanaingiliana yenyewe kwa hiyo hata mota ya kuunganishia inapungua sana. Makerere wamelifanyia kazi miaka mingi, Dkt. Moses Musaazi anajulikana kwa lile lililopinda la kujengea matangi ya maji, na shule nyingi kaskazini zimejengwa hivyo. Kiwanda cha simenti mnacho Tororo hapo hapo, usafiri karibu hamna. Kama mnapenda vitu vya kiwandani basi agizeni kenchi za paa zikiwa zimeshachomelewa, ikiwezekana za chuma cha skrapa kilichoyeyushwa kwa umeme hapa nchini, hicho kaboni yake ni ndogo sana kuliko cha kutoka kwenye tanuru la makaa ya mawe.

Kitu kimoja kitanibadilisha mawazo, haraka. Kama upepo umeezua darasa na watoto wako chini ya mwembe na mvua za Machi zimekaribia, wiki chache dhidi ya miezi sita si mchezo, hapo siwezi kukulaumu. Ila ukisaini, linganisha kaboni kwa mita ya mraba kwa kila mwaka wa matumizi, usilinganishe kwa mita ya mraba peke yake. Ukuta wa tofali zuri utamkuta mjukuu wako. Paneli muulize dhamana ni miaka mingapi, na ijumlishe bati la nje na gundi ya ndani, sio fremu tu.

*Nina kiwanja Jinja nataka kujenga vyumba sita vya kupangisha. Nimeambiwa paneli za sandwichi zenye foamu katikati zinaokoa umeme mpaka gharama inajirudisha. Ni kweli? – Mama mwenye kiwanja, Jinja*

Mama, swali langu kwako ni fupi: huo umeme wa kuokoa uko wapi? Wapangaji wako wana taa, simu, redio, labda pasi. Hita hakuna, eyasii hakuna. Zile hesabu za kujirudisha zimeandikwa kwenye nchi za baridi ambako nyumba inapashwa moto miezi sita kwa gesi, kule ukiongeza foamu ukutani unaokoa mafuta kila usiku na baada ya miaka michache kaboni ya foamu inakuwa imelipwa. Ni hesabu sahihi kabisa, ya kwao. Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko mlangoni, nyuzi joto zinacheza kati ya 17 na 29. Hakuna cha kulipa hilo deni. Na hata ungeweka eyasii, umeme wetu mwingi ni wa maji, mashine za bwawa la Nalubaale hapo kwako zinazunguka tangu 1954, kwa hiyo kila yuniti unayookoa inapunguza kaboni kidogo sana ukilinganisha na nchi inayochoma makaa ya mawe.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Sehemu zote mbili, kutengeneza jengo na kulitumia, unaziona kwenye upimaji wa kitaalamu, ule unaofuata viwango vya ISO 14040 na cha Ulaya EN 15978. Hatua A ni kutengeneza vifaa, kusafirisha na kujenga, B ni miaka ya kutumia jengo, C ni kubomoa na kutupa, halafu kuna D, kile kinachopatikana vifaa vikitumika tena. Ulaya B ndiyo ilikuwa kubwa miaka mingi, ndio maana paneli zilishinda. Kwetu kwa nyumba ya kawaida B ni nyembamba, A ndiyo karibu kila kitu. Yaani jengo lile lile, paneli ile ile, ukilihamisha kutoka Ujerumani mpaka Jinja jibu linageuka, na brosha haijaandikwa upya.

Foamu yenyewe sasa. Kilo moja ya foamu ya plastiki inabeba kama kilo 3 hadi 4 za kaboni, lakini ni nyepesi kwa hiyo hiyo peke yake isikutishe. Kinachonitisha kwenye ile ya poliyurethani ni gesi iliyotumika kuiumua. Kuna za kisasa zinatumia pentani, hizo hazina neno. Za zamani au za bei ya chini zinaweza kuwa na gesi za jamii ya HFC ambazo kilo moja inapasha dunia kama kilo elfu moja za kaboni, na inavuja polepole maisha yote ya ukuta halafu nyingine inatoka siku mnapovunja. Nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza hizo gesi, ila makubaliano ya Kigali hayakagui kontena lako. Muulize muuzaji kwa maandishi imeumuliwa na nini. Akikwambia "ni foamu tu mama", jibu umeshalipata.

Na moto jamani. Vyumba sita vimeshikana, kila mpangaji ana sigiri au gesi ndogo mlangoni. Foamu ikishika moto inatoa moshi wenye sumu, poliyurethani inatoa mpaka sayanaidi, mtu analala hapo hapo. Hili si suala la kaboni, lakini mimi nisingeweka wapangaji wa mkaa kwenye ukuta wa namna hiyo hata ungekuwa wa bure.

Joto la Jinja linashukia kwenye bati. Weka silingi, acha matundu ya upepo pande mbili, rusha paa nje sentimita 60 au zaidi ili kupunguza jua linaloupiga ukuta. Hiyo ndiyo insulesheni yako.

*Niko Hoima. Kambi moja ya wafanyakazi inapunguza watu na wanauza kabini za prifabu (hizo za kuunganishwa) zilizotumika, bei nzuri. Na jirani yangu anasema afadhali ninunue kontena la meli nilikate madirisha, ni risaikolingi pia. Nichukue lipi, nataka duka na stoo. – Mfanyabiashara, Hoima*

Kaka, hapa ndipo chuma kinapojisafisha. Nilisema utafiti wa Melbourne una habari njema: vifaa vya zile moduli za chuma vikifunguliwa na kutumika tena kwenye jengo jingine, hadi asilimia 81 ya ile nishati ya kuvitengeneza inaokolewa. Prifabu inayofungwa kwa nati faida yake ya kweli ni hiyo, inafunguka. Zege halifunguki. Sasa prifabu nyingi hapa zinakuja mpya, zinakaa miaka mitano, kampuni inaondoka, zinaozea porini, na hapo unapata ubaya wa chuma bila uzuri wake. Nchi yetu imejaa kambi, za mafuta, za barabara, za mabwawa, za wakimbizi, na zote zina siku ya kufungwa. Kama ningekuwa na sauti, kila kibali cha kambi kingeandikwa tangu siku ya kwanza kabini zinakwenda wapi mwisho.

Wewe kununua ile kabini kaboni yake mpya ni karibu sifuri, lori la kutoka kambini mpaka dukani kwako na rangi basi. Lakini usinunue kwa picha za wozap. Gonga paneli kwa kiganja kuanzia chini, ukisikia mlio mzito ujue foamu imenyonya maji au imeachana na bati, hiyo haiponi. Angalia miguu ya fremu na pembe za sakafu, kutu huanza hapo. Hesabu nati na vibano wakati wanafungua, simama mwenyewe, mafundi wakifungua kwa nyundo na grainda umenunua skrapa. Paa lake pia mara nyingi ni tambarare, kwa mvua za Bunyoro utahitaji kuliongezea bati lenye mteremko, na hilo bati la pili litakupunguzia joto kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu kontena, inategemea limetoka wapi. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa kilo 2,200 hivi, karibu zote chuma, maana yake zaidi ya tani 4 za kaboni. Kama limeshafanya kazi baharini miaka kumi na kitu na lilikuwa linakwenda kuyeyushwa, sawa, umeliongezea maisha. Ila siku hizi kuna yale yanayouzwa "safari moja tu", bado yanang'aa. Hilo si risaikolingi, umechukua chombo kipya kilichokuwa na kazi mbele yake, na mahali fulani kitatengenezwa kingine kujaza pengo. Tena chuma chote kile kizito ni cha kupangiwa makontena mengine juu yake baharini, duka lako halipangiwi kitu juu. Ukishakata mlango na madirisha lazima uchomelee fremu kurudisha nguvu, chuma kingine. Na sakafu ya mbao mara nyingi imepakwa dawa ya kuua wadudu, kwa stoo ya unga au mchele usiiache wazi.

Kwa duka na stoo Hoima, kabini, kama sakafu imepona.

*Mimi ni mwanafunzi wa ujenzi Kampala. Mhadhiri ametupa kazi ya kutathmini athari za mazingira za jengo la prifabu. Nikienda NEMA, mamlaka ya mazingira, nitapata ripoti za hivyo? – Mwanafunzi*

Mdogo wangu, utarudi na ripoti za kitu kingine. Tathmini ya NEMA chini ya Sheria ya Mazingira ya 2019 na kanuni zake za 2020 inaangalia mradi na mahali, kinamasi kiko umbali gani, majirani, maji machafu yanakwenda wapi. Ni muhimu, isome, ila haikupimii kaboni ya boriti. Mhadhiri wako nadhani anataka ule wa hatua A mpaka D niliomwelezea mama wa Jinja. Anza na orodha ya vifaa ya mkadiriaji, geuza kila kitu kiwe kilo, tafuta EPD, ile hati inayotolewa na mtengenezaji kueleza mzigo wa bidhaa kwa mazingira. Ukikosa ya hapa tumia ya nje lakini uandike wazi ni ya wapi, na umeme wa kiwanda hicho ulikuwa wa nini. Wenzako wengi watachukua namba ya simenti ya Ulaya na kuisahau. Simenti yetu inachanganywa pozolana, na kule Hima, Kasese, wamekuwa wakichoma maganda ya kahawa kwenye tanuru, namba haziwezi kuwa sawa. Halafu utakuta kwenye simenti kaboni nyingi, kama asilimia 60, haitoki kwenye moto, inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe likivunjika, kwa hiyo maganda ya kahawa yanasaidia upande mmoja tu. Kwenye prifabu usisahau gari linalobeba hewa: paneli zinajaza trela kabla hazijafika uzito, kwa hiyo pima kwa idadi ya trela, sio kwa tani.

*Nataka kufungua biashara ya nguzo na paneli za zege za uzio hapa Busia. Nianze kwa kuleta kutoka Kampala au nifyatue mwenyewe? – Kijana wa Busia*

Fyatua mwenyewe. Zege ni kinyume cha chuma, tani yake ina kaboni kidogo, kilo 100 hadi 150 hivi, kwa hiyo safari inaonekana mapema. Kilomita 200 kutoka Kampala zinaongeza kama kilo 16 kwa tani, na lori likirudi tupu zinazidi, bado hujahesabu zinazovunjika kwenye matuta. Moldi za chuma utazitumia miaka, mchanga nunua wa kuchimbwa halali maana wa ziwani na wa vinamasi umeshatuletea balaa kwenye kinamasi cha Lwera, na ukishafyatua mwagilia siku saba ndio uuze. Wateja watakuja siku ya pili na lori limewashwa nje, usiwape.